Hewa ya Njombe

Dhiraa moja chini. Tena, dhiraa moja chini.
Afande Mkumbukwa, jicho kwenye darubini ya miguu mitatu,
anasema kama mtu anayesoma bei ya sukari:
"Palepale, mama. Hujatikisika."

Hicho ndicho kinachouma.
Mkono ukitetemeka, risasi hutawanyika
kama vifaranga vilivyoona mwewe,
nawe unajua pa kujilaumu.
Hizi zangu tatu zimelala pamoja kwenye udongo, chini ya bamba la chuma,
unaweza kuzifunika kwa kisahani cha chai.
Nimekosea kwa usahihi mkubwa.

Saa moja na nusu asubuhi, machimbo ya zamani, Kunduchi.
Ng'ambo ya ukuta wanaponda kokoto;
vumbi jeupe linapanda, linasita, linainama kushoto.
Upepo wa mbofyo mmoja, haudhuru kitu.
Nimekaza skrubu. Nimefungua boksi jipya la risasi.
Nimepima, kwa rula ya shule ya mwanangu,
kimo cha darubini juu ya mtutu: tano na nusu, ileile.
Kwa mita mia napiga kitovu.
Kwa mita mia saba naangukia miguuni.

Kikokotozi ni cha kaka yangu, Lupyana.
Kipande cha sabuni, kioo kina ufa,
mgongoni plasta ya hospitali na mwandiko wake:
USICHEZEE.
Kilinijia pamoja na bunduki
na fomu zenye mihuri minne ya polisi.

Sijachezea. Miezi kumi na minne tangu tumzike
naingiza umbali, nasoma jibu, nazungusha gurudumu.
Leo nafungua ukurasa nisiowahi kuufungua.

Mwinuko: mita elfu moja mia tisa.
Jotoridi: tisa.
Kanieneo: mia nane na kumi.
Mwendokasi mtutuni: mia saba tisini.

Tisa!
Nacheka peke yangu juu ya turubai,
shati limenigandamana mgongoni.
Maskini, bado kiko Njombe,
kimevaa sweta, kinatoa mvuke mdomoni,
kinanihesabia hewa nyepesi ya mashamba ya chai,
nami nafyatua ndani ya hewa ya Dar,
nzito kama uji, inayoishika risasi kiunoni
kama shangazi asiyetaka mgeni aondoke.

Kosa si lako, kaka. Ulikipima pale ulipokuwa.

Nabonyeza. Mwinuko: ishirini na tano.
Jotoridi: thelathini na moja.
Kanieneo: elfu moja na kumi na moja.
Baruti nayo ikipata joto huwa na papara;
najaribu mia nane na tano: nusu shibiri chini.
Mia nane: wanda mbili.
Nashusha kimoja kimoja, mpaka mia saba tisini na saba.
Jongoo nimemtupa, mti wake sikuutupa:
umbo la risasi, msokoto wa mtutu,
aliyoyaandika yeye ni kweli hata huku.

Kisha kinauliza, bila haya:
Kufuta mipangilio ya zamani? Ndiyo. Hapana.

Kidole kinasimama.
Natafuta penseli, nageuza kadi ya shabaha, naandika:
tisa, mia nane na kumi, elfu moja mia tisa.
Ni asubuhi moja tu.
Alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande,
akasoma namba hizi, akaziamini.

Ndiyo.

"Uwanja wako, mama."
Nusu ya pumzi naiachia, nusu naibakiza.
Bega linapokea.
Moja. Mbili. Tatu, na kabla sijafika nne
chuma kinaitika kutoka mbali,
sauti nyembamba, kama kijiko ukingoni mwa sufuria.

Afande hasemi kitu. Anaandika.

Plasta nimeiacha mahali pake.
Jasho langu limeanza kuila ile herufi ya kwanza.