Daftari la Dayanira

Asubuhi Lima haina jua, ina ukungu tu,
ukungu unaolowesha nguo kambani na kukataa kuitwa mvua.
Dayanira Huamaní anafungua saluni:
mlango wa bati, kiti kimoja, kioo chenye ufa
unaougawa uso wa kila mteja bila upendeleo.

Miaka miwili alikwenda kliniki,
mabasi mawili, tumbo tupu.
Muuguzi Briseida alimbana ngozi pembeni mwa kitovu,
"vuta pumzi, usinitazame mimi, tazama dari,"
na dawa ikaingia polepole, nzito kama asali ya zamani,
ikaacha kinundu, punje ya hindi chini ya ngozi.
Alikuwa akikipapasa usiku.
Alikizoea.
Akapewa nauli, mtindi wa stroberi,
na fomu ya kurasa kumi na tisa za kutia saini,
jina lake lile la kitambulisho, si hili.

Siku matokeo yalipotoka walikata keki.
Daktari akasema, Dawa inazuia! Inazuia!
akasema, Ninyi mmeusaidia ulimwengu,
na Dayanira akalia hadi wanja ukamfika kidevuni,
maana alimkumbuka Zoraida aliyemfundisha kushika mkasi,
Zoraida aliyezikwa kwa jina la kiume
ambalo kati yetu hakuna aliyewahi kumwitia.
Ingalikuja mapema.
Keki ilikuwa ya nanasi.

Kisha ikaja orodha.
Nchi zitakazouziwa kwa bei ya chini, moja baada ya nyingine,
naye akateremsha kidole
kama mzazi kwenye ubao wa matokeo ya mtihani,
akarudi juu, akateremka tena,
labda wameiandika kwa tahajia nyingine.

"Nchi yenu," alieleza kijana wa wizara, tai imembana,
"ni ya pato la kati."
Dayanira akaitafuta hiyo kati.
Akainua mto wa kiti. Akatikisa kopo la sarafu.
Akachungulia nyuma ya chupa za rangi:
nywele za watu, pini mbili,
tiketi ya basi la kliniki.

Asiyekuwepo na lake halipo, sawa.
Lakini yeye alikuwepo!
Damu yake ilikuwepo, chupa kwa chupa, zenye namba,
ilipanda ndege kabla yake, yeye ambaye hajapanda hata moja,
ikafika kwenye meza ambazo bei hupangiwa
na haikuulizwa neno.

Soko analijua. Anakaa nalo ukuta kwa ukuta.
Muuza viazi hutazama viatu vyako ndipo ataje bei,
na hilo Dayanira humsamehe, naye ana watoto.
Ila hata muuza viazi, na ukorofi wake wote,
hajawahi kumwambia mkulima aliyeshuka mlimani na gunia mgongoni:
kiazi hiki kitamu sana, ahsante,
si cha kwenu.

Kinundu kimeyeyuka. Mwezi wa saba huu.
Anapapasa palepale, ngozi laini, kimya,
kama nyumba ambayo mlinzi amehama bila kuaga.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Analivuta daftari la madeni, lile la jalada la kijani,
na chini ya Hortensia, rangi ya nywele, nusu bado,
chini ya Mama wa duka la kuku, misuko, atalipa Jumamosi,
anaandika jina la kampuni, kwa herufi nzuri,
pamoja na lile la mwisho linaloashiria ukubwa wake.
Halafu kalamu inasita.
Aandike nini kwenye safu ya kiasi?
Anaandika: chupa arobaini na moja.
Anaandika: asubuhi, nyingi.
Anafuta "nyingi", anahesabu upya kwa vidole.

Mteja wa kwanza anaingia akipangusa ukungu usoni,
anachungulia begani. "Nani huyo?"
"Mteja," anasema Dayanira, akikung'uta taulo.
"Alikuja akahudumiwa vizuri.
Keti. Tukate kiasi gani?"