Kulwa Asiyeota

Mimi ndiye niliyetangulia kutoka,
muda mfupi tu, wanasema, kama wa kuepua ugali,
na kwa muda huo nikanyimwa ndoto.
Ndiyo sheria ya Luchelele tangu mawe yalipopandana:
Kulwa hukesha, Doto huota.
Kati ya jina lake na ndoto ipo herufi moja,
na herufi hiyo, alisema bibi yetu Nkwimba,
ni mimi.

Ziwa wakati huo halijapewa jina la malkia wa mtu.
Lilikuwa Nyanza, maji tu, na lilikuwa limelala.
Mawe yalisikiliza usingizi wake,
jiwe juu ya jiwe, kama watu wachunguliao kwa jirani.
Doto alilaza sikio kwenye jiwe la chini kabisa, lile lenye ukoga,
na maneno yakampanda
kama baridi ipandavyo mguu.

Alisema akiwa usingizini. Akiamka hakumbuki hata jina la samaki.
Kazi yangu ilikuwa kudaka.
Nilitia miguu kwenye maji ya kibuyu nisisinzie,
nikadaka: mvua itaanzia Ukerewe.
Nikadaka: mke wa Lugiko atazaa, kisha atacheka.
Nikadaka furu elfu wakiimba kinyumenyume;
hilo hatukulielewa, tukaliweka.
Zipo ndoto za akiba. Hukaa kama michembe ghalani,
hakuna azitamaniye mpaka siku ya njaa.

Alfajiri watu walishapanga foleni kabla ya kunawa uso,
maana ndoto ikisimuliwa baada ya uji huchacha.
Walileta dagaa, walileta chumvi.
Masalu alileta deni lake la mwaka juzi.
Doto walimwangalia.
Mimi walinitazama kama mtu atazamavyo mlango:
umefunguka, au bado?

Usiku mmoja wa mwezi mchanga Doto hakusema kitu.
Nilingoja. Mioto ya wavuvi ikazimika mmoja mmoja.
Akawika jogoo wa Nyegezi, yule mwongo,
kisha wa pili, ambaye si mwongo.
Midomo ya pacha wangu ilikuwa imefungwa kama kome,
na nje nikasikia foleni ikikohoa.

Nikatoka. Sijui nilitaka nini.
Labda nilitaka, mara moja tu, kuwa dirisha.
Nikasema:
"Ng'ombe mweupe atatoka ziwani, kwato zake kavu.
Atapita katikati yenu asimtazame mtu.
Atakayemfuata hatarudi, wala hatalia."

Nilichagua ng'ombe kwa sababu ng'ombe huaminika.
Kwato kavu niliongeza kwa ajili ya utamu.

Siku ya tatu, saa ya kuanua dagaa,
matete yakafunguka, akatoka.
Kwato zikagonga jiwe, ko, ko,
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.
Akampita Masalu na deni lake.
Akampita mke wa Lugiko, mtoto mgongoni.
Bibi yetu Nkwimba akaweka chini ungo, dagaa nusu,
akajifunga nguo upya kiunoni,
akamfuata.
Nilimwita. Niliita jina lake, kisha nikaita "bibi,"
kisha nikaita bila neno.
Hakulia.

Ungo ule hakuna aliyeugusa. Kunguru walimaliza dagaa.

Usiku Doto alichukua kibuyu akakiweka miguuni pake.
"Lala," akasema. "Zamu yako."
"Mimi siwezi kuota."
"Najua. Hukuwa umelala uliposema."
Tukatazamana, na kwa mara ya kwanza
niliona uso wangu ukiniogopa.

Tangu siku hiyo nachunga ulimi.
Nikitaka chumvi nasema chumvi, siongezi kitu.
Mtoto akiuliza kesho kutakuwaje
namwonyesha ziwa, nakunja midomo.
Lakini foleni imehama.
Imezunguka nyumba, imefika upande wangu,
watu hawajanawa, dagaa mikononi,
wamenyamaza kabisa,
wakingoja nikohoe.