Picha ya Mwizi

Hamdani ameziweka mbili juu ya kitambaa cha kijani
kama mtengeneza meno anayepanga bandia zake.
"Zote fremu kamili, zote mitumba safi.
Chagua kabla treni ya Mwanza haijaniletea mteja mwingine."

Ya kushoto ina megapikseli arobaini na tano.
Ukipiga ukuta, unahesabu nyufa;
ukipiga bibi harusi, hakusalimii tena.
Ya kulia ina ishirini na nne tu, kona moja imechubuka,
lakini inapiga picha kumi na mbili kwa sekunde
bila mlio, bila hata kikohozi.

Mimi nina lenzi moja, milimita mia tatu,
na kamera yangu kuukuu ya sensa ndogo
iliyonilisha miaka tisa kwa harusi za Isevya.
Sensa ndogo ina hila yake:
humvuta ndege wa mbali akawa jirani.
Ila alfajiri, Igombe ikiwa bado imejifunika ukungu,
ukiipandisha ISO inamwaga pumba picha nzima,
mnandi anatoka kama katwangwa kinuni.

Na shangazi Nyamizi hataki pumba.
Ana mizinga thelathini na miwili kule Sikonge,
magome yaliyolazwa juu ya matawi ya miombo,
na nyuki wake anawahesabu kama mhasibu wa saccos.
"Kuna ndege ananiibia. Wa kijani, mwembamba, ana haraka.
Namwona akishapita. Nataka uso wake."
Nikamwambia, huyo ni keremkerem.
"Jina la mwizi nitalifanyia nini?
Uso."
Akaahidi madebe mawili ya asali, karibu nusu ya bei.

Nikamwachia Hamdani kadi ya pikipiki,
nikazibeba zote hadi bwawani,
lenzi nikiihamisha huku na huku
kama mama wa mapacha mwenye titi moja.

Mdiria alikuwa ametundikwa hewani, hapandi, hashuki.
Akajitupa.
Ya kushoto ikanipa maji. Maji mazuri ajabu,
kila duara, kila tone, hadi nywele za matete;
mdiria mwenyewe kabaki mkia pembeni mwa picha,
kama pindo la khanga la mtu aliyekwisha ingia ndani.

Ya kulia, alipojitupa tena, ikamfuata chini na kumrudisha juu.
Picha ya saba: samaki mdomoni,
na ndani ya jicho, nukta ya jua.
Lakini mdogo! Fremu kamili ni kamili kweli,
imechukua tuta, matete, baiskeli ya mtu,
na ndege kawa punje ya uwele.
Ukimkata umlete karibu, hizo ishirini na nne
zinabaki mbili na chenji.

Nikapiga hesabu mchangani kwa ncha ya funguo.
Lenzi ndefu ni bei ya msimu mzima wa tumbaku.
Kutambaa kwa tumbo ni bure.
Nikachukua iliyochubuka.

Sikonge nililala kifudifudi siku tatu,
siafu wakanijua kwa jina.
Ya nne akaja, akatua hatua sita kutoka puani pangu,
nyuki mdomoni, akampigapiga kwenye tawi,
akampangusa mwiba kwanza, ndipo akameza.
Kamera haikukohoa.

Shangazi akaitazama picha kwenye simu muda mrefu.
"Macho mekundu. Huyu halali."
Kisha: "Kumbe ana adabu, anasafisha chakula."
Kisha akaisogeza simu puani:
"Vuta hapa. Kwa nyuki.
Vuta tena."
Nikavuta mpaka nyuki akawa vigae, vya njano na vyeusi.
"Wa kwangu huyu, au wa Kapungu wa ng'ambo ya mto?
Wangu wana mstari mgongoni. Vuta."

Sikumjibu.
Nilikuwa nafikiria kitambaa cha kijani,
upande wa kushoto,
na kama treni ya Mwanza imeshafika.