Sehemu ya Kusikia

Hapa hakuna wa kumtuma.
Ukitaka herufi moja itoke, unaipeleka mwenyewe
hadi kwenye anwani yake
na kuiweka kizingitini, biti kwa biti.

Al-Khoudh, Agosti, saa nane usiku.
Kiyoyozi kinakohoa. Bodi nimeilaza
juu ya bakuli tupu la halwa, la plastiki;
upana wake kama kitambulisho changu.
Niliinunua Ruwi, riyali kumi na nane,
kwa Mmalabari aliyeniuliza, "Ya mtoto?"
Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa njia fupi.

Kwanza nilifagia.
Kila chumba cha kumbukumbu nikakitia sufuri,
maana umeme ukiingia haukuti nyumba safi,
hukuta takataka za watu ambao hawakuwahi kuishi humo.
Nikaonyesha rundo lianzie wapi.
Na mwisho wa yote, mzunguko usio na mlango:
zunguka hapo hapo, usitoke,
huko nje hakuna aliyekuandikia kitu.

Kisha nikaandika kusubiri:
hesabu toka laki moja urudi sufuri, usifanye lolote.
Kompaila ikasoma, ikaona ni kazi isiyozaa,
ikaifuta.

Mama alikaa Dubai miaka sita
akingojea karatasi za kuingilia Maskati.
Kwenye faili lake miaka hiyo haimo.

Ikabidi niweke neno moja mbele ya jina,
la kuiambia kompaila:
hiki hubadilika hata usipokitazama.
Kiache.

Usiku wa tatu waya ukatapika
alama za kuuliza, visanduku,
herufi za nchi isiyokuwepo.
Mgawanyo wa saa niliukosea:
bodi ikisema mbio, mimi nikisikiliza taratibu.
Nilitafuta kosa katika kurasa mia mbili.
Lilikuwa tarakimu moja.

Neno la kwanza nilitaka liwe la Kiarabu,
salamu ya mtaa huu;
lakini herufi zake hushikana mikono,
nami bado sina wa kuzishikanisha.
Kiswahili chapita hivyo hivyo kilivyo,
baiti moja herufi moja, hakidai kiti cha ziada.
Lugha ya jikoni kwetu,
ambayo kaka Thuwaini huishushia sauti
simu ikimkuta ofisini,
ndiyo iliyotangulia.

Alfajiri mama anapita kwenda kutawadha,
kanga begani, miwani kaiacha kitandani.
Akainama mbele ya skrini, karibu kabisa,
akafumba jicho moja.

hodi
hodi
hodi

"Karibu," akasema,
kama anavyomjibu yeyote aliye mlangoni,
akaenda zake; nikasikia bomba la maji.

Bodi ikaendelea kubisha.
Sehemu ya kusikia
bado sijaiandika.