Koti la Uwatu

Miaka arobaini na miwili nimepaka nyama uwatu,
uwatu na kitunguu saumu na pilipili nyekundu,
tope linalong'ang'ania viganja
hata Zeliha hulala amenipa mgongo.
Hapa Kayseri harufu hiyo ndiyo kitambulisho changu:
askari wa barabarani hunusa, hunipungia nipite.

Kisha daktari Perihan, binti wa yule muuza mazulia,
akanisogezea karatasi,
akapiga mstari chini ya namba.
Mafuta ya damu: mia tatu na kumi.
"Fundi Bekir, damu yako ingetosha kukaangia yai."

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akaandika vidonge, akafuta pastirma.

Zeliha hakutamka neno njia nzima.
Usiku nikamsikia jikoni,
punje zikigonga bilauri, ti, ti,
kama mvua ya mawe inayoanza na kusita.
Asubuhi maji yalikuwa mazito, ya utelezi,
rangi ya chai iliyosahauliwa.
"Kunywa. Na punje utafune."
Uchungu wake! Kama kudaiwa hadharani.
"Na vidonge?" nikauliza,
nikitumaini kimoja kitafuta kingine.
"Vidonge jioni, kama ulivyoambiwa.
Nira moja, Bekir, ng'ombe wawili."

Siku hiyo dukani nilisimama
mbele ya minofu inayoning'inia,
kila mmoja na koti lake jekundu,
nikaona kazi ya maisha yangu:
kuivika sumu yangu dawa yangu,
kisha kuviuza vyote viwili kwa kilo.
Na wateja wangapi hukwangua koti kwa kisu,
wakala nyama,
wakaacha dawa ukingoni mwa sahani!
Mimi mwenyewe nilikuwa nikikwangua.

Miezi minne sasa.
Kila alfajiri natembea hadi ukuta wa ngome,
theluji ya Erciyes ikinitazama kama mkaguzi.
Jasho langu linanuka uwatu kutoka ndani;
Zeliha anaapa hajui tena kama nimeoga.
Namba imeshuka: mia mbili na kumi na tisa.
Daktari anavisifu vidonge.
Zeliha anaifuta bilauri, polepole, kimya.
Mimi nimewaachia wagawane.

Ila jana, nikifunga duka,
nilikata kipande chembamba, taa ikapenya.
Nikakinusa. Nikatazama mlangoni.
Nikakwangua koti,
nikala koti.
Nyama nikamrushia paka wa kinyozi,
ambaye siku hizi, maskini,
anapanda ngazi akihema.