Msindano

Nimepasua mbao Mafinga miaka kumi na tisa.
Nijue nini mimi kuhusu watoto?
Najua futi. Najua gogo likilia chini ya msumeno
kwamba lina fundo ndani,
kabla fundo lenyewe halijaonekana.

Twilumba alifika miaka minane
bado anavaa sketi ya chekechea.
Pindo ambalo mama yake alilikunja nene, la kukulia,
halikuwahi kufumuliwa.

Wakasema halishwi. Wakasema ukoo.
Shangazi yake wa Kalenga alisema mengine, nimeyaacha kwake.
Mbeya, hospitali ya rufaa, daktari akageuza kadi,
akachora eksi moja, kando yake akaacha nafasi tupu.
"Hii ya pili haikuja. Si kosa la mtu."
Nikaitazama ile nafasi
toka Chimala mpaka Makambako.

Basi, sindano. Niliuza msumeno wa pili.
Kila usiku saa mbili,
leo paja la kushoto, kesho la kulia.
Dawa inataka ubaridi, nasi hatuna friji;
inalala dukani kwa Mama Tweve
katikati ya soda za machungwa,
na mwanangu akienda kuichukua
anazisalimia chupa zote, hanunui.

Juni, sakitu ikishamwaga unga juu ya nyasi
na umeme ukikatika,
tunaogopa kinyume: isigande.
Mama yake huilaza ndani ya kitenge,
mbali na jiko, mbali na dirisha,
kama mgonjwa wa pili.

Mti tunaoupasua jina lake msindano.
Twilumba ndiye aliyelisikia jina hilo, si mimi.
Aliokota jani kiwandani, akajichoma kiganjani:
"Hii haiumi."

Mwaka wa kwanza, sentimita tisa.
Nilichora mstari kwenye mwimo wa mlango,
nikaenda kula, nikarudi kuupima tena.
Mashavu yakanywea, mikono ikapata misuli,
akabeba ndoo ya lita kumi bila kuiburuza.
Majirani wakaanza kuniamkia
kana kwamba nimenunua gari.

Halafu damu ya asubuhi, kabla ya chai:
nne nukta nane.
Tano nukta tatu.
Sita nukta mbili.

Daktari hakukunja uso. Homoni inayosukuma mfupa, alisema,
inayeyusha na mafuta, na mafuta yakiyeyuka
yanajaa njiani. Insulini inabisha
kwenye mlango wa seli, hodi, hodi,
na wa ndani anachelewa kusema karibu.
Sukari inabaki barazani, imesimama.
"Si kisukari," akasema. "Bado. Tutapunguza dozi, tutaangalia."

Bado.
Nimesikia magogo yakilia hivyo.

Ya kuharakisha nayajua.
Msindano uliokimbia una pete pana, mbao laini;
upigilie msumari, unaachama.
Nilitaka kumwambia daktari. Nikafunga mdomo.
Mtoto si mbao,
na aliyeomba futi ni mimi.

Jioni nikamuuliza: tuache?
Alikuwa anamenya viazi kwa kisu changu kidogo.
"Baba, ubao wa darasani siku hizi naufikia katikati."
Akachukua kiazi kingine.

Chai yake sasa haina sukari. Yangu pia;
sikumwambia. Alionja kikombe changu nikiwa uani,
akakirudisha, akanitazama
kama mkaguzi wa misitu aliyekuta gogo
lisilogongwa nyundo.

Mwimo wa mlango una safu mbili:
kushoto urefu, mwandiko wangu,
kulia sukari, mwandiko wake,
sita zake zimejikunja kama konokono.

Leo kidole kimeshachomwa.
Kimashine kinahesabu, tano, nne, tatu,
naye ameshika penseli,
amesimama kwa kisigino, hajanyanyuka.