Chambo

Shekue wa duka la dawa, Kibokoni,
hakuulizi una mdudu gani.
Hukuuliza, "Alala wapi?"

Kunguni wa ufa wa kitanda: unga,
uupulize kwa mrija, kiduchu,
kama chumvi ya mgonjwa.
Mende wa bawaba za kabati: jeli,
tone, si mstari.
Ukuta wa mbu: ile ya maji, uichanganye uani,
na usiitie katu chupa ya soda.
Hapo alinyamaza, akamtaja mjukuu wa jirani yake,
kisha akaendelea kuhesabu chenji.

Kwa sisimizi alinipa chembe tamu, kijiko kimoja, kwenye karatasi.
"Hii haiui hapa. Wataibeba wenyewe,
wampelekee mama yao."

Usiku nilikaa jikoni na tochi.
Wakaja, safu moja, kando ya sufuria ya mbaazi,
kila mmoja na punje yake,
wakipishana kwa adabu
kama watu wa kichochoro chetu.

Nami jioni ile nilikuwa nimewaletea wanangu kashata
zilizofungwa kwa gazeti.
Sikuuliza zimetiwa nini.

Nikazima tochi.